Mbuzi wa Avansi

Kwa sheria ya ndoa ya Wahindu, mtu aliyeachana na mkewe mahakamani hawi huru siku ile hakimu anapofunga faili. Anaruhusiwa kuoa tena pale tu muda wa rufani unapopita bila mwenzake kukata rufani. Na ikikatwa, basi ni pale itakapotupwa. Kati ya siku hizo mbili mtu si mume na si mseja. Wengi hupita hapo haraka, kama mtu anayevuka korido. Kirtikant, muuza mabeseni wa mtaa wa Birere ambaye Goma nzima ilimwita Kiriti, alikaa hapo miaka, na vita viwili vilimkuta humohumo.

Alizaliwa Goma, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, na Kiswahili cha Birere alikijua kabla ya Kigujarati. India aliijua kama waumini wengi wanavyoijua mbingu: aliiheshimu, aliambiwa ndugu zake wako huko, na hakuwa na haraka ya kwenda. Mwaka wa sabini na tatu serikali iliamua kwamba maduka ya wageni yawe mali ya wananchi, na Kiriti, ambaye maisha yake yote alikuwa ameyamaliza kati ya mlima na ziwa, akagundua kwamba yeye ni mgeni. Mtu mmoja alikuja na karatasi, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Miaka michache baadaye karatasi nyingine ikalirudisha duka, bila mali, bila rafu na bila kiti. Wengine wangejifunza hapo kuzidharau karatasi. Kiriti alijifunza kinyume chake: kwamba karatasi ndiyo inayoamua, iwe imekosea au imepatia, na kwamba mtu mwenye akili huisubiri ifike.

Alipofikia umri ambao shangazi zake waliuona wa hatari alipelekwa Gujarati, akaozwa Manjula, binti wa mwalimu, msichana mpole aliyeambiwa kwamba Goma kuna ziwa. Ziwa lilikuwepo. Hakuambiwa habari za vumbi jeusi linaloingia hadi ndani ya chumvi, wala habari za wanajeshi wanaokopa bila kuuliza bei, wala kwamba mumewe hucheka kwa Kiswahili. Kiangazi cha kwanza alivumilia. Cha pili kilipoanza alisafiri kwenda kumuuguza mama yake. Mama akapona, Manjula hakurudi. Hawakugombana hata siku moja, na huenda ugomvi ungesaidia.

Kiriti alingoja, kwa kuwa kungoja alikujua. Kisha akafungua kesi kule kule alikooa, akidai kwamba ametelekezwa, na hakimu akakubali. Manjula hakumtaka Kiriti wala Goma. Lakini hakutaka pia kuitwa mwanamke aliyemtoroka mumewe, katika mji ambamo baba yake alifundisha watoto wa kila nyumba. Akakata rufani. Ilikuwa haki yake. Wakili wa Kiriti alimpasha habari hiyo pamoja na onyo: asioe, hata kwa siri, hata huko Afrika, mpaka rufani iishe. Akioa kabla ya hapo, ndoa yenyewe si kitu, na mwanamke aliyeolewa humo si mke.

Hapo ndipo anapoingia Kaswera, ingawa kwa kweli alikuwa ameingia zamani, kwa mlango wa mbele, akiomba kazi. Alikuwa binti wa Papa Paulin, mfanyabiashara wa maharagi na vitunguu aliyetoka Butembo akajenga nyumba Goma, mtaa wa Mabanga. Alikuwa amesoma kwa masista hadi mwisho, na amekataa wachumba kwa sababu ambazo ukoo wake uliziita kiburi. Dukani alikuwa na namna yake ya kuuza beseni lenye ufa: alimwonyesha mteja ule ufa kwanza, kisha akanyamaza, na mteja akalinunua kwa aibu ya kuaminiwa.

Kiriti hakula nyama wala samaki. Kaswera akaanza kumletea sombe, yaani kisamvu, isiyotiwa sambaza, wale dagaa wa ziwani, chakula ambacho Goma hupewa mgonjwa ambaye hata daktari hana la kusema. Kiriti alikila kila adhuhuri akasifu. Sombe ile ikazidi kupikwa vizuri, kuliko kazi ya mfanyakazi wa duka inavyodai, na Birere yote ikaelewa kabla ya wahusika. Walipoelewa wenyewe hawakufichana neno. Kiriti alimweleza habari za Manjula, za rufani na za onyo la wakili. Kaswera akasema atangoja. Paroko naye alipoulizwa alitoa maelezo marefu yaliyoishia Roma. Kaswera akasema Roma nayo ingoje zamu yake.

Huenda wangengoja vizuri tu, wakazeeka kwa adabu, kama Julai ya mwaka wa tisini na nne isingefika.

Wakimbizi walivuka mpaka mfululizo, mpaka barabara ikawa watu na lami isionekane. Walilala kwenye veranda za Birere, katika mashamba ya Munigi, juu ya mawe ya lava yasiyoruhusu kuchimba choo wala kaburi. Kisha kipindupindu kikaja. Kiriti aliuza madumu na mabeseni kwa bei ya mwezi uliopita, jambo ambalo wenzake wa mtaa waliliona ni dalili ya ugonjwa mwingine. Asubuhi moja mwanamke mkimbizi alinunua beseni dogo la bluu la kumwogeshea mtoto. Kesho yake mumewe alilirudisha. Kaswera alidhani limevuja, akanyanyuka kumtafutia lingine. Yule mwanaume akatikisa kichwa. Hakutaka lingine, hakutaka fedha. Alitaka tu beseni lirudi lilikotoka. Akaliweka juu ya meza kwa uangalifu, akaondoka.

Kaswera hakurudi kazini siku mbili zilizofuata. Aliporudi alimwambia Kiriti kwamba hana nguvu tena za kungoja mahakama. Alitaka kuwa mke wake, katika nyumba yake, watu wakijua. Hakuomba kingine, wala hakupata kuomba kingine miaka yote iliyofuata.

Papa Paulin alikuja dukani mwenyewe wiki hiyo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti lile lile kwa misa na kwa soko, na aliingia kwenye jambo kama alivyoingia kwenye bei ya gunia.

"Kiriti," alisema, "mutoto yangu anakomaa mu duka yako. Unamupenda, ao unamuuzisha tu?"

"Ninamupenda, Papa. Lakini kesi haiyaisha."

"Si ulisema juge alikata?"

"Alikata. Yule mwanamuke akaenda kwa juge mukubwa."

"Huyo juge mukubwa anakujua?"

"Hapana."

"Goma anaijua?"

"Hapana, Papa."

"Basi atakukataza namna gani?"

Kiriti alijaribu kueleza. Papa Paulin alisikiliza kama mtu anayesimuliwa bei ya vitunguu katika nchi ambako lori halifiki. Mwishoni Kiriti, akiona kwamba mzee anaumia na binti yake anaumia zaidi, akapata wazo alilolisifu mwenyewe kwa muda mrefu baadaye. Angeleta mbuzi sasa hivi, kama avansi, ili ukoo ujue kwamba neno lake ni la kweli. Ndoa ingefuata rufani ikiisha.

"Avansi iko muzuri," alisema Papa Paulin akisimama. "Biashara yote njo vile inaanzaka."

Wakashikana mikono, kila mmoja akiwa ameelewa vizuri kabisa. Kwa Kiriti, avansi ilikuwa ahadi: unaweka kitu mezani, mali inabaki dukani mpaka siku ya siku. Kwa Papa Paulin, na kwa ukoo mzima wa Wanande, kabila lake, waliotoka naye Butembo, mahari hulipwa kidogokidogo maisha yote, na hakuna mkwe aliyewahi kumaliza. Fungu la kwanza la mbuzi likipokelewa, na mmoja wao akaliwa na pande zote mbili, mwanamke ameolewa. Yanayobaki ni mazungumzo.

Kiriti alinunua mbuzi kwa mfugaji wa Munigi na kuwapeleka Mabanga mwenyewe, akitembea mbele yao ili asiwaone nyuso. Aliomba jambo moja tu, wasichinjwe. Papa Paulin alisema asiwe na wasiwasi, na kwa upande wa mbuzi wote isipokuwa mmoja alisema kweli. Ukoo ulikula pamoja na majirani wa Kiriti wa Birere walioalikwa, ukanywa kasiksi, pombe ya ndizi. Shangazi Angèle, dada yake Papa Paulin, mwanamke mrefu ambaye bila yeye hakuna jambo la ukoo lililohalalika, alimpakulia Kiriti maharagi katika sahani ya heshima na kumkalisha kando ya Kaswera. Wazee walitoa maneno kwa Kinande, kila mmoja akimtazama Kiriti kwa wema mkubwa. Hakujua Kinande. Aliitikia kila mara, kwa sababu mtu mwenye adabu huitikia.

Jioni ilipoanza, Kaswera alikuwa amevaa kitenge kipya na ana mfuko wa nguo mlangoni. Kiriti aliuona ule mfuko, akadhani ni wa mgeni fulani. Aliwashukuru wote, akampa Kaswera mkono mbele ya baba yake, akasema watakutana dukani kesho, akatoka peke yake. Wanawake walikuwa wameshaanza wimbo wa kumsindikiza bibi harusi. Waliukatia njiani.

Kaswera aliueleza ukoo kwamba kwa Wahindi iko vile. Ukoo ukakubali, kwa sababu kwa Wahindi hakuna aliyejua ilivyo. Toka siku ile Mabanga walimwita bibi ya Kiriti, na bibi ya Kiriti aliendelea kulala katika chumba alichokizoea tangu utoto, na kuamkia kazini kwa mumewe.

Je, hakumwambia? Alimwambia nusu. Alimwambia kwamba nyumbani wanamhesabu kuwa ameolewa, na Kiriti akajibu kwamba ni wakarimu. Nusu ile nyingine, kwamba si ukarimu, kwamba jambo lile limekwisha na lina jina, hakuisema. Alitaka aione mwenyewe. Ni kosa la watu wenye akili kudhani kwamba wanaowapenda nao wanaona.

Rufani ilikuwa inatembea huko iliko. Hakimu alihamishwa, wakaanza upya. Wakili wa Manjula aliugua. Kisha wa Kiriti akaugua, pengine kwa usawa. Mwaka wa tisini na sita vita vikaingia mjini. Kambi zikavunjwa, wakimbizi wakarudi kwao kwa barabara ile ile waliyojia, mamia kwa maelfu, na wengine wakaelekea msituni, ambako hakuna barabara. Duka la Kiriti liliibwa na watu waliovaa sare, na wiki iliyofuata na watu waliovaa sare nyingine. Wahindi wengi wa mtaa walikimbilia Nairobi. Kiriti alibaki, akaagiza mabeseni mengine.

Wakati risasi zilipotulia, Kaswera alimkuta anafagia vioo, akalichukua lile fagio kutoka mkononi mwake.

"Uko unaogopa nini, Kiriti? Manjula ataniona toka kule?"

"Nikikuoa leo, kule batasema wewe haiko bibi. Avoka yake atakuita jina ingine mbele ya batu. Sipendi uitwe vile."

"Mabanga balishaniita, Kiriti. Balianza zamani."

Hakumwelewa. Alidhani anazungumzia masengenyo ya kawaida, na kwa masengenyo alikuwa na dawa moja, kuishi bila lawama. Alizidi kuwa mwangalifu. Hakumtembelea tena jioni. Alipomletea zawadi aliipitisha kwa baba yake. Kila hatua ya heshima aliyopiga ilimsogeza mbali zaidi na mke wake, na Mabanga ilihesabu.

Vita vya pili vilikuja mwaka wa tisini na nane, na katika msimu wa mvua uliofuata mama yake Kaswera, Mama Domitille, akafariki. Hakufa kwa vita. Alikufa kwa moyo, jambo lililowashangaza majirani, waliokuwa wamezoea sababu nyingine.

Kwa Wanande hawa wa Mabanga, katika matanga ya mama mkwe wakwe wa kiume wana mahali pao. Hukaa pamoja karibu na mfiwa, mbele ya watu, na kuni za moto na chakula cha waombolezaji ni mzigo wao. Anayepita kutoa pole huwatazama kwanza wao: hapo ndipo hujua marehemu alizaa mabinti wa namna gani, na wameolewa na watu wa namna gani. Kiriti alikuwa ameleta kuni nyingi kuliko mkwe yeyote. Alileta mablanketi, mchele na mahema mawili ya kukinga mvua. Alipomaliza kuyapanga alinawa mikono, akaenda kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, pamoja na wafanyabiashara wa Birere, kati ya muuza betri na fundi wa baiskeli.

Miongoni mwa wakwe palikuwa na kiti kitupu. Watu walikitazama, wakamtazama Kaswera, aliyekuwa ameketi chini kwenye mkeka, karibu na jeneza. Hakunyanyua kichwa. Shangazi Angèle alivuka uwanja mzima, taratibu, akiwapa watu muda wa kutazama kwingine.

"Papa Kiriti," alisema, "nafasi yako iko kule, pamoja na bakwe."

Kiriti alisimama kwa heshima. Alitafakari. Alijua jinsi ambavyo angependa kukaa pale; alijua pia kwamba mbele ya maiti mtu hasemi uongo, hata kwa kukaa.

"Hapana, Mama," alisema, kwa sauti ya kawaida, ambayo kwenye matanga husikika pote. "Ile iko ya bakwe. Miye bado."

Lilikuwa neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile, pamoja na mahubiri. Aliketi tena. Muuza betri, ambaye alikuwa amekula mbuzi yule miaka minne nyuma, alijisogeza kidogo pembeni.

Baada ya siku za matanga kwisha Papa Paulin alimwita binti yake. Hakufoka. Alimwambia kwamba mtu aliyemkana mke wake mbele ya maiti ya mama mkwe, ukoo hauna namna ya kumsubiri. Mbuzi wapo, wengine wamezaa, wanaweza kurudi. Lakini ni yeye Kaswera wa kusema. Kaswera aliomba siku moja ya kufikiri. Baadaye alikuja kusema kwamba hakufikiri kitu siku ile. Alikaa tu, akiliona lile benchi la nyuma. Jioni akakubali.

Kwa hiyo asubuhi moja Kiriti alifungua duka akamkuta Papa Paulin barabarani, na koti lake la misa, ameshika kamba za mbuzi. Mzee alisema maneno machache: mtoto wake amerudi nyumbani. Kiriti alishangaa kidogo, kwa kuwa hakukumbuka mtoto huyo kuwahi kutoka. Lakini alielewa, au alidhani ameelewa. Mtu anayerudisha avansi amechoka kungoja mali, na mfanyabiashara halaumu kitu kama hicho. Alipokea kamba. Mbuzi waliingia dukani, wakala maboksi ya sahani za Kichina. Baadaye aliwapeleka kwa mfugaji wa Munigi na agizo kwamba watunzwe hadi wafe kwa uzee. Mfugaji aliliona agizo hilo la ajabu, na wanajeshi waliopita huko walilimaliza.

Kaswera hakurudi kazini. Alifungua meza ya vitenge upande wa pili wa Birere, na Kiriti, ili asimsumbue, alibadilisha njia.

Kabla ya mwaka kwisha mpwa wake wa Kampala alimpigia simu. Rufani imekufa. Hakimu mkubwa hakuamua lolote. Manjula mwenyewe aliiondoa. Alikuwa amepata mgane mmoja, mtu wa benki, na kwa sheria ile ile yeye pia asingeweza kuolewa mpaka rufani yake mwenyewe iondoke njiani. Miaka yote hiyo alikuwa ameushika mlango kwa ndani, hadi siku alipotaka kutoka. Kiriti hakumchukia. Alimtakia heri kwa sauti, kwenye simu, na mpwa akadhani laini imeingiliana.

Alifunga duka saa za mchana, jambo ambalo hata vita havikumzoesha. Alinyoa, akavaa suti, akaenda Mabanga.

Papa Paulin alimpokea vizuri. Kwa kweli alikuwa anampenda. Si watu wengi wanaoleta mahema. Angèle alikuwepo. Kiriti aliketi kwenye ncha ya kiti, akatangaza kwamba kesi imekwisha, sasa yuko huru, na amekuja kumwomba Kaswera kwa ndoa ya kweli. Papa Paulin alikuna kidevu. Akasema kwamba jambo hilo si rahisi, lakini limewahi kutokea, mwanaume kumrudia mwanamke waliyeachana naye.

"Nani aliachana na Kaswera?" aliuliza Kiriti.

"Wewe."

"Miye?"

"Ao tuseme yeye njo alikuacha. Mbuzi si ulipokea?"

"Papa," aliuliza Kiriti, "nilimuoa lini?"

"Siku tulikula," alisema Papa Paulin. "Ulikuwa pale. Ulikula maharagi."

Angèle anasema hajawahi kumwona mtu anazeeka akiwa ameketi, ila siku ile. Kiriti alikuwa anayapanga mambo kichwani. Alikuwa na mke miaka minne, miaka ile ile aliyojilinda asiwe naye. Alikuwa amemsindikiza bibi harusi wake kwa kumpa mkono. Alimwona kwenye mkeka wa matanga, na sauti yake mwenyewe ikamrudia, ile ya kawaida, inayosikika pote. Kisha aliuliza kitu ambacho mtu mwingine asingeuliza.

"Na kwenu, Papa, kuko juge mukubwa? Mutu anaweza kwenda kwake?"

"Kuko," alisema Papa Paulin. "Iko mule jikoni, inachagua maharagi."

Kaswera aliitwa. Alikuja na ungo mkononi akabaki amesimama. Kiriti alimwambia yote kwa maneno machache: kwamba hakujua, kwamba sasa anajua, kwamba anamwomba arudi, au aje, lolote kati ya hayo mawili ambalo ndilo sahihi. Alisema vizuri. Hata Angèle alitazama chini.

"Umechelewa, Kiriti," alisema Kaswera. "Siku ya mama njo nilikuwa nakungojea. Kama ungekaa tu pale, na karatasi ya juge isifike hata siku moja, ningekuwa bibi yako. Sasa, hapana."

Akarudi jikoni. Kiriti alisimama, akamshukuru baba, akamshukuru shangazi, akaondoka.

Sasa, lazima ieleweke kwamba kwa Wanande mwanamke aliyerudisha mbuzi, akiombwa tena mbele ya baba yake, hawezi kukubali mara ya kwanza. Angeonekana kama aliyekuwa ameegemea mlango. Hukataa, tena kwa maneno ya kuuma, kwa sababu maneno hayo ni deni la siku za aibu. Mwanaume huenda, hulala na uchungu wake, na siku nyingine humpitia shangazi, wakaja pamoja. Mara ya pili hukataliwa kwa upole. Mara ya tatu wanazungumza mbuzi. Kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo. Aliyekuwa na haja ya kulijua hakulijua.

Yeye alisikia hukumu. Ilitolewa na mwenye mamlaka, mbele ya mashahidi, na sababu zake zilikuwa za haki. Mtu aliyeiheshimu hukumu ya hakimu asiyeijua Goma angeidharauje ya Kaswera? Alirudi dukani akafungua.

Angèle alitaka kwenda kumweleza. Kaswera alimkataza. Alisema akielezwa, hatakuwa amerudi, atakuwa ametumwa. Alitaka aje mwenyewe. Wiki ya kwanza alikuwa na hakika, mwezi wa kwanza alikuwa na matumaini. Baada ya hapo alikuwa na meza ya vitenge. Walipokutana sokoni walisalimiana kwa adabu ambayo ilikuwa mateso kwa waliosimama karibu.

Januari ya mwaka wa elfu mbili na mbili mlima ulipasuka. Lava ilipita katikati ya mji, ikapita Birere, ikapita juu ya duka la Kiriti na mabeseni yote. Karatasi zake alikuwa amezibeba mfukoni. Mpwa wa Kampala alituma gari.

Kabla ya kuondoka, Kiriti alikwenda Mabanga. Angèle alimwona kutoka mbali akija juu ya mawe ambayo bado yalitoa moshi, akakimbia ndani kwa kasi kuliko umri wake ulivyoruhusu. Papa Paulin, ambaye sasa aliona kwa shida, aliomba koti lake. Chumbani Kaswera alisikika akifungua sanduku.

Kiriti alikuja kuaga. Alisema gari linangoja barabarani, kwamba atakuwa Kampala, kwamba hakutaka kuondoka kama mwizi. Papa Paulin alimshika mkono, hakuuachia. Aliuliza habari za duka, za barabara, za mpwa. Kisha akauliza, akitamka kila neno peke yake, kama mtu anayemwekea mwenzake kiti:

"Kiriti. Hauko na neno ya kuuliza, hapa kwetu?"

Kaswera alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu, na kitambaa cha kichwani kinacholingana nacho. Kiriti alimtazama kwa muda ambao kwa mtu mwenye adabu kama yeye ulikuwa mrefu.

"Hapana, Papa," alisema. "Yote ilikatwa. Nilisikia."

Kaswera alimtakia safari njema. Alimwambia afunge madirisha ya gari, kwa ajili ya moshi. Kiriti akasema atayafunga, akashuka na njia ile ya mawe, akiangalia anapokanyaga.

Angèle alimgeukia Kaswera, akamwuliza amejipamba vile kwa ajili ya nini. Kaswera akasema anaenda kanisani. Ilikuwa siku ya kazi, hakukuwa na misa, na nusu ya mji ilikuwa haijarudi. Lakini alikuwa ameshasema. Akachukua rozari, akaenda.